Damu ya Pua: Tusiiogope Bure, Wala Tusiidharau

Kila mwaka upepo wa kiangazi unapoanza kuvuma na vumbi kutanda njiani, mabenchi ya wagonjwa wa nje hospitalini kwetu hupata watoto wengi wenye madoa ya damu kwenye mashati ya shule. Mama ameshika kipande cha khanga kilicholowa, na swali lake ni lile lile: "Sista, damu ya pua inamrudia huyu mtoto kila mara. Je, ni ugonjwa mbaya?"

Kwa watoto walio wengi jibu ni hapana. Kwa wachache jibu ni ndiyo. Baada ya miaka mingi ya kazi hii, maoni yetu ni kwamba familia zetu huogopa mahali pasipo na hofu, na hutulia mahali panapotaka haraka. Tutoe mifano miwili.

Usiku mmoja tulipokea mvulana wa miaka 7. Damu ya pua ilimwanza jioni, na wazazi wakamlaza chali na kumwinua kidevu. Damu haikukatika, ilibadili njia tu. Ilishuka kooni, akaimeza, kisha akatapika damu nyeusi yenye mabonge. Nyumba nzima ikasema mtoto amelishwa sumu, na jina la jirani likatajwa. Sisi tulimketisha, tukamwinamisha mbele na kumbana pua kwa dakika 15. Damu ikakoma, wala hakulazwa. Lakini maneno yaliyosemwa juu ya jirani yule hayakukoma upesi namna hiyo.

Mwaka huo huo alikuja msichana wa darasa la tano. Yeye damu ilimtoka kidogo kidogo kwa miezi minne. Nyumbani walisema ni joto, shuleni walisema ni jua. Hakuna aliyegundua kwamba fizi zake pia zilitoka damu, na kwamba miguuni alikuwa na vidoa vyekundu visivyowasha. Alipofika kwetu viganja na midomo vilikuwa vimepauka, naye alihema kwa kutembea hatua chache. Vipimo vilionyesha damu imepungua mno, na chembe sahani, yaani zile zinazosaidia damu kuganda, zilikuwa chache sana. Baba yake na mjomba wake walichangia damu, akaongezewa, kisha akapelekwa hospitali ya rufaa. Tunashukuru kwamba alipona na kurudi shuleni. Hata hivyo, angefika mwezi wa kwanza asingefikia hatari ile.

Kwa nini damu ya pua hurudi rudi? Kazi ya pua ni kupasha joto na kulainisha hewa tunayovuta, kwa hiyo ndani yake mna mishipa mingi midogo ya damu iliyo karibu sana na ngozi. Mingi imekutana sehemu ya mbele ya ukuta unaotenganisha matundu mawili ya pua, pale kidole cha mtoto kinapofika kwa urahisi. Karibu mara 9 kati ya 10 damu hutoka hapo. Hewa kavu, vumbi, moshi wa jikoni, mafua na mizio hukausha ngozi hiyo ikapasuka. Baadaye hufanyika kigaga. Mtoto akikichokonoa au akipenga kwa nguvu, kidonda hufunguka upya. Basi mara nyingi mtoto anayetokwa na damu mara tatu kwa juma hana magonjwa matatu. Ana kidonda kimoja ambacho hakijapewa nafasi ya kupona.

Kwa sababu hiyo tunasema kumpiga mtoto kwa kuchokonoa pua hakusaidii. Mkate kucha. Mpake mafuta ya mgando kidogo ndani ya tundu la pua, sehemu ya mbele, asubuhi na jioni kwa muda wa juma moja au mawili. Mweke mbali na moshi wa kuni. Wazee wanaovuta ugoro nao wajue kwamba unachubua pua zao.

Damu inapoanza kutoka, fanyeni hivi:

1. Mketishe mgonjwa wima, ainamishe kichwa mbele kidogo. Asilale, wala asiinue uso juu.

2. Bana sehemu laini ya pua, chini ya mfupa, kwa kidole gumba na cha shahada, matundu yote mawili pamoja. Apumue kwa mdomo, na damu inayofika mdomoni aiteme.

3. Bana dakika 10 hadi 15 bila kuachia hata mara moja. Hapa ndipo wengi hushindwa. Huachia kila dakika ili kuchungulia, na damu iliyokuwa ikianza kuganda huondoka. Asiye na saa asali makumi matatu ya Rozari bila haraka, na muda utatosha.

4. Ikikoma, asipenge, asichokonoe na asiinue mizigo mizito siku hiyo.

Kumwagia mtoto maji baridi kichwani ni desturi ya wengi. Hakumdhuru, ila hakuchukui nafasi ya kubana pua. Kusokomeza majani, udongo au pamba kavu puani ni vibaya, maana huleta vijidudu, na unapovitoa unakwangua kidonda upya.

Sasa tuangalie wale ambao wasisubiri nyumbani. Mleteni mgonjwa hospitali mara moja ikiwa damu haijakoma baada ya kubana vizuri kwa nusu saa. Ikiwa inatoka kwa wingi sana au inashuka kooni hata akiwa ameinama. Ikiwa ilianza baada ya kuanguka au kupigwa kichwani. Au ikiwa mgonjwa amepauka, anaona kizunguzungu au anahema. Mtoto wa chini ya miaka 2 naye aletwe bila kungoja, kwa kuwa umri huo damu ya pua si jambo la kawaida.

Msikawie pia mkiona damu ya pua pamoja na fizi zinazotoka damu, vidoa vyekundu au michubuko mwilini isiyo na sababu, homa isiyoisha, au damu katika mkojo au choo. Hizo ni dalili kwamba tatizo si la pua. Huenda ni la damu yenyewe au la ini. Tundu moja tu likitoa usaha wenye harufu mbaya, mara nyingi mtoto ameingiza harage au ushanga. Msijaribu kuutoa kwa kijiti. Na mtu mzima au kijana ambaye tundu lile lile moja limeziba na kutoka damu kwa majuma kadhaa aonwe na daktari wa pua, maana uvimbe unaweza kuwa umejificha ndani.

Kwa watu wazima tunaongeza mambo mawili. La kwanza ni presha. Wenye presha ya juu damu ya pua ikiwaanza hukatika kwa shida, na wengi hugundua presha yao siku hiyo. Kipimo kikirudi mara kwa mara kuwa 140/90 au zaidi, pana haja ya matibabu hata kama pua imenyamaza. Mama mjamzito anaweza kutokwa na damu kidogo puani bila tatizo, lakini ikiambatana na kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu, aje siku hiyo hiyo. La pili ni dawa. Aspirini na dawa za kuzuia damu kuganda hufanya damu isikome upesi. Usiziache mwenyewe kama daktari amekuandikia, bali mwambie. Watoto wasipewe aspirini bila agizo la daktari.

Lawama si ya wazazi peke yao. Sisi wauguzi, foleni inapokuwa ndefu, husema "ni kawaida hiyo" bila kutazama fizi wala ngozi ya mtoto. Msichana yule wa darasa la tano alikuwa amekwisha kuonwa mara moja mahali pa tiba kabla ya kufika kwetu, akapewa dawa ya maumivu. Kutazama mdomo na miguu huchukua dakika moja wala hakuna gharama. Mzazi anayo haki ya kusema: "Sista, naomba umwangalie na fizi." Hatutachukizwa.

Tunawaomba walimu waache kuwalaza wanafunzi chali chini ya mti. Tunawaomba viongozi wa jumuiya ndogo ndogo waonyeshe siku moja, baada ya sala, namna ya kubana pua. Na wewe mzazi ambaye mwanao anarudiwa na tatizo hili, andika kwenye daftari tarehe, tundu lililotoka damu na muda uliochukua, kisha uje nalo. Daftari hilo litatusaidia kujua yupi wa kupakwa mafuta tu na kurudi nyumbani, na yupi wa kupimwa damu leo hii.