Redio ya Kijana wa Custom

Barua tunayoijibu wiki hii imetoka mbali. Imeandikwa na mama mmoja auzaye chai na maandazi sokoni Custom, mjini Juba, Sudani Kusini. Jina lake tumelihifadhi kama alivyoomba. Mama huyu aliondoka kwao Kenya kufuata biashara, na sasa anaishi na binti yake pamoja na mpwa wake, kijana anayejifunza ufundi wa redio.

Shida yake ni hii. Ameweka akiba ya karo ya binti, na shule inakaribia kufunguliwa. Mpwa naye anamwomba amkopeshe fedha hizo ili anunue redio mbili kuukuu za kupokea na kutuma, antena na modemu. Muuzaji amemwambia kijana kwamba kwa vyombo hivyo atapata intaneti ya hewani isiyohitaji bando, na kwamba ataweza kuwauzia majirani. Mama anauliza: je, jambo hili lipo, au ni utapeli? Atoe fedha au asitoe?

Mama yetu, jibu letu lina sehemu mbili, nasi tunakuomba usiishie kwenye ile ya kwanza. Mtambo ni wa kweli. Biashara si ya kweli.

Tuanze na mtambo. Tangu zamani wako watu duniani wenye redio za kutuma na kupokea ambao hawazitumii kwa mshahara wala kwa faida, bali kwa kupenda elimu yake. Hizo huitwa redio za ridhaa. Mwaka 1971 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Hawaii walionyesha kwamba kompyuta zilizo katika visiwa mbalimbali zaweza kuzungumza kwa redio bila waya. Wenye redio za ridhaa nao wakaifuata njia hiyo. Mwaka 1981 Mmarekani Hank Magnuski alijipatia kwa niaba yao fungu la anwani za intaneti zinazoanza na 44, ambazo jumla yake ilizidi milioni 16. Miaka michache baadaye mwenziwe, Phil Karn, aliandika programu iliyowezesha kompyuta ndogo za nyumbani kufuata itifaki za intaneti kupitia redio hizo. Kwa hiyo mpwa wako hakuota ndoto.

Namna mtambo unavyofanya kazi si vigumu kuielewa kwa mtu wa sokoni. Fikiri kwamba unataka kupeleka barua ndefu kwa dada yako aliyeko Gudele, lakini kila kijana wa bodaboda anakubali kuchukua ukurasa mmoja tu. Unaikata barua vipande. Juu ya kila bahasha unaandika jina lako, jina la dada yako na namba ya kipande. Dada akipokea anavipanga kwa namba. Akiona cha nne hakikufika, anakurudishia habari, nawe unakituma tena. Bahasha hizo ndizo pakiti, na utaratibu huo wa kuandika anwani, kuhesabu na kudai kilichopotea ndio itifaki ya intaneti. Ni utaratibu ule ule utumiwao na simu iliyo mfukoni mwako. Kilichobadilika ni barabara tu.

Barabara yenyewe, hata hivyo, ni nyembamba. Vituo vyote hutumia sauti moja ya hewani, mfano wa watu kumi waliomo katika chumba chenye giza. Kila mmoja husikiliza kwanza. Kukiwa kimya, husema. Wawili wakisema kwa pamoja, maneno ya wote wawili huharibika, na kila mmoja hungoja kwa muda wake kabla ya kurudia. Tena redio za mawimbi haya hupenda kuonana uso kwa uso. Kituo kilicho nyuma ya Jebel Kujur hakitakisikia kituo cha Custom. Kitadhani hewa ni tupu, nacho kitasema na kuvuruga mazungumzo ya wengine. Ndiyo maana huhitajika kituo cha kati, mahali palipoinuka, kipokee na kurusha upya.

Sasa tupige hesabu, kwa maana hapo ndipo muuzaji alipomficha kijana ukweli. Mwendo wa kawaida wa vyombo vya aina hiyo ni biti 1,200 kwa sekunde. Barua ya herufi 1,500 itapita kwa sekunde kama 10. Hilo ni jambo zuri. Lakini picha moja iliyopigwa kwa simu, yenye baiti milioni 2, itahitaji zaidi ya saa tatu na nusu, hata kama hakuna pakiti itakayopotea. Kwa mawimbi mafupi, yale yanayofika nchi za mbali, mwendo hushuka hadi biti 300 kwa sekunde. Ni jirani yupi wa Custom atakayelipa fedha ili aingoje picha moja tangu asubuhi hadi adhuhuri?

Liko na jambo la sheria, nalo ni zito kuliko la mwendo. Kanuni za kimataifa za redio za ridhaa zinataka mazungumzo yawe ya kujifunza na ya salamu za binafsi, wala hazimruhusu mtu kuficha maana ya anachokituma kwenda nchi nyingine. Biashara haimo. Na intaneti ya leo, mama, karibu yote imefungwa kwa kufuli ya siri: benki, kutuma fedha, hata soga za kawaida. Kufuli hiyo ni haki na kinga yako unapotumia simu, lakini katika redio za ridhaa haina nafasi. Hivyo hata kama mwendo ungekuwa mkubwa, kijana asingeweza kuuza huduma hiyo pasipo kuvunja sheria. Zaidi ya hayo, kuwasha redio ya kutuma bila kibali ni hatari katika nchi iliyoonja vita. Antena ndefu juu ya paa huulizwa maswali. Kwenu Juba mwenye kuulizwa kuhusu vibali ni Mamlaka ya Taifa ya Mawasiliano.

Tusije tukadharau elimu hii, kwa sababu imewahi kuokoa watu. Kuanzia mwaka 1989, misaada ya chakula na dawa ilipokuwa ikitoka Lokichoggio, Kenya, kwenda kusini mwa Sudani, redio za mawimbi mafupi ndizo zilizokuwa masikio na midomo ya wafanyakazi walioko vijijini. Januari 1990 ilirushwa satelaiti ndogo iliyojengwa na Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza. Shirika la SatelLife, lililoanzishwa na daktari Bernard Lown wa Boston, liliitumia kuwapelekea waganga wa Afrika, pamoja na wa Afrika Mashariki, barua na habari za tiba. Satelaiti hiyo ilipita angani mara chache kwa siku, ikachukua pakiti za huku na kuziteremsha kule. Daktari hakungoja picha wala sinema. Alingoja maneno machache yenye maana, na hayo yalimtosha.

Na mwaka 2011, Sudani Kusini ilipopata uhuru, kundi la wenye redio za ridhaa kutoka nje lilipiga kambi Juba na kuita dunia kwa alama ya ST0R. Leo alama za nchi hiyo huanza na Z8.

Basi, mama, ushauri wetu ni huu. Akiba ya karo isiguswe. Binti aende shule siku ya kwanza, na daftari zake mkononi. Lakini kijana usimvunje moyo wala usimwite mjinga, maana aliyemdanganya ni mfanyabiashara, si elimu. Mwambie aanze na kile kisichodai fedha nyingi. Programu za kuifanya kompyuta kuukuu kuwa modemu hutolewa bure. Aende kwanza kuuliza masharti ya leseni, ayaandike, akuletee uyasome. Kama ana ndugu Kenya, awaulize habari za Amateur Radio Society of Kenya, ajifunze kwa waliotangulia. Akiisha kupata kibali na maarifa, redio moja itatosha kuanzia, nayo ainunue kwa jasho lake mwenyewe, kwa kutengeneza redio za watu.

Siku mitandao ya simu itakapozimika na mtu wa mbali akahitaji kupeleka maneno matatu tu, kwamba tupo salama, huenda kijana huyo ndiye atakayetafutwa. Siku hiyo hatauza kitu, wala hutajuta kwamba ulimlea.