Tunisia ilikosa mahakama, haikukosa dini

Mazungumzo ya barazani yakifika Libya au Syria, iwe Mombasa, Malindi au Lamu, hakosi mtu wa kusema kwamba sisi Waislamu mambo ya kura hatuyawezi, tunataka mtu mkali. Gaddafi na Saddam hutajwa kwa majonzi kama wazee wa mtaa waliofariki juzi. Kisha huja mfano wa Dubai: hakuna kampeni, hakuna maandamano, na barabara zinang'ara.

Sina haja ya kuwakejeli wasemao hivyo. Aliyeona picha za Aleppo hana hamu ya kuhubiriwa demokrasia. Ila Dubai tuiweke kando mapema. Katika Imarati raia wenyewe ni kama mtu mmoja kati ya wakazi kumi, na ndugu zetu wanaofanya kazi huko ni wageni. Mgeni huona barabara. Hajui mwenyeji akidhulumiwa na mkubwa huenda kulalamika wapi.

Nchi inayofaa kutazamwa ni Tunisia, kwa sababu imeonja yote mawili ndani ya kizazi kimoja.

Zine El Abidine Ben Ali aliitawala kuanzia Novemba 1987 hadi Januari 2011. Watalii walijaa ufukweni na mabenki ya nje yalimsifu. Mwaka 1999 alitangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 99 ya kura. Wanaomlilia leo wakumbuke pia kwamba chini yake msichana wa Kiislamu, katika nchi ambayo karibu watu wote ni Waislamu, alizuiwa kuvaa hijabu shuleni na katika ofisi za serikali. Huo ndio utulivu wenyewe. Uliangushwa na kisa cha Mohamed Bouazizi, kijana muuza matunda wa Sidi Bouzid aliyejiwasha moto Desemba 2010 baada ya maafisa kumnyang'anya bidhaa zake na ofisi ya mkoa kukataa kumsikiliza.

Kilichofuata kilikuwa kizuri kuliko tunavyokumbuka. Ennahda, chama cha Kiislamu, kilishinda viti vingi zaidi Oktoba 2011, kikatawala pamoja na vyama visivyo vya dini, na baada ya wanasiasa wawili wa upinzani kuuawa mwaka 2013 na nchi kutikisika, kikakubali kuondoka serikalini kwa mazungumzo. Katiba mpya ilipita Januari 2014. Mashirika manne ya kiraia yaliyosimamia mazungumzo hayo yalipewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2015. Kwa hiyo hoja kwamba Mwislamu akishinda kura hashuki tena ilikuwa imejibiwa, tena kwa vitendo.

Basi iliharibikia wapi? Wengi watasema ni njaa, na hawakosei. Serikali zilibadilika karibu kila mwaka, vijana walibaki bila kazi, na mashambulizi ya mwaka 2015 katika makumbusho ya Bardo na ufuo wa Sousse yakafukuza watalii. Sisi wa Pwani hatuhitaji kuelezwa maana ya hoteli kufungwa baada ya shambulio. Lakini njaa humchosha mwananchi tu. Aliyeacha mlango wazi ni mwanasiasa.

Katiba ya 2014 ilitaka iundwe Mahakama ya Katiba yenye majaji 12: wanne wachaguliwe na Bunge, wanne na baraza la mahakama, wanne na rais. Iwe tayari ndani ya mwaka mmoja baada ya uchaguzi wa Bunge wa 2014. Miaka ikapita. Kila chama kilitaka majaji wake na kikaogopa wa mwenzake, na kura za theluthi mbili hazikupatikana. Hadi mwaka 2021 Bunge lilikuwa limemchagua jaji mmoja tu kati ya wanne wake. Walipozinduka na kutaka kulegeza masharti, Rais Kais Saied alikataa kutia sahihi.

Saied, mwalimu wa sheria ya katiba kwa kazi yake, alikuwa amechaguliwa kihalali mwaka 2019. Usiku wa tarehe 25 Julai 2021, korona ikiwa imezidi hospitali nguvu, alimfuta waziri mkuu na kusimamisha Bunge, akisema katiba inamruhusu. Watu walitoka barabarani kushangilia. Je, katiba ilimruhusu kweli? Mahakama pekee iliyokuwa na uwezo wa kujibu ndiyo ile ambayo wanasiasa walikuwa wamegombania kwa miaka saba bila kuiunda.

Sasa tazama Senegal. Waislamu ni zaidi ya asilimia 90, watu wa zawiya na maulidi kama sisi, na walitawaliwa na Ufaransa kama Tunisia. Februari 2024 Rais Macky Sall aliahirisha uchaguzi wiki tatu kabla ya siku yake, na Bunge likausogeza hadi Desemba huku wabunge wa upinzani wakitolewa nje na askari. Baraza la Katiba likasema uamuzi huo ni batili. Sall akatii. Bassirou Diomaye Faye alitoka gerezani katikati ya Machi, na siku kumi baadaye akashinda urais. Senegal si pepo, watu waliuawa katika maandamano ya miaka hiyo. Lakini palikuwa na mahali pa kupeleka kesi. Hata hapa kwetu, Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais aliyekuwa madarakani, na jua likachomoza kesho yake.

Ndiyo maana nashangaa ninapomsikia mtu wa Pwani akisifu utawala usioulizwa. Kwetu kuna akina mama ambao wana wao walichukuliwa kwa jina la usalama, na hadi leo hawajaambiwa wako wapi. Sisi tunajua bei ya kumwachia mtu ulinzi bila kuwapo wa kumhoji.

Na mkate uliosababisha Watunisia washangilie? Mwaka 2023 walipanga foleni kuutafuta. Mwaka huohuo Rached Ghannouchi, kiongozi wa Ennahda mwenye miaka 81, alikamatwa nyumbani kwake wakati wa futari, siku za mwisho za Ramadhani. Majaji 57 walikuwa wameshafutwa kazi Juni 2022. Mwaka 2024 mahakama ya masuala ya utawala iliagiza wagombea watatu wa urais warudishwe kwenye orodha. Tume ya uchaguzi ikapuuza, na siku chache kabla ya kura Bunge jipya likaiondolea mahakama hiyo mamlaka juu ya kesi za uchaguzi. Saied akatangazwa mshindi kwa asilimia 90. Waliojitokeza kupiga kura hawakufika asilimia 30, na mmoja wa wapinzani wake wawili aliyapokea matokeo akiwa gerezani.