Mji Ulioitwa kwa Zafarani

Zafarani tuitiayo katika biriani na tuandikiayo kombe ilistawi zamani hata Uingereza, na mji wa soko wa Saffron Walden, jimboni Essex, ukaitwa kwa jina lake. Atakayejaaliwa kuuzuru na aende siku ya gulio, Jumanne au Jumamosi. Atazame nyumba kongwe zenye nakshi za chokaa kutani, magofu ya ngome, na njia ya mizunguko iliyochongwa katika nyasi za uwanja wa mji, urefu wake wapata maili moja. Mashamba yale ya kale yalitoweka. Jina lingali likinukia. Nasi wazazi tujiulize: tukishaondoka, majina yetu yatanukia vinywani mwa wana wetu?