Steki ya hoteli za kitalii: Ng'ombe tunao, siku 171 hatuna

Kila msimu wa watalii unapokaribia, wafanyabiashara wa mifugo na wenye mabucha huuliza swali lile lile. Inakuwaje baadhi ya hoteli za kitalii za Zanzibar ziuze steki iliyokuja kwa ndege au kontena kutoka Afrika Kusini, ilhali Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30 na imo katika orodha ya nchi zenye mifugo mingi barani Afrika?

Jibu linalotolewa mara nyingi vijiweni, na wakati mwingine hata kwenye mikutano ya wakubwa, ni kwamba wenye hoteli wanadharau bidhaa za wenyeji. Ukurasa huu hauafikiani na jibu hilo. Mwenye hoteli ni mfanyabiashara kama wengine, na akipata nyama hiyo hiyo jirani kwa bei nafuu hatakuwa na sababu ya kuivusha bahari. Tatizo ni kwamba kile anachokinunua sokoni kwetu hakiuzwi, na watu wengi wanaotaka kuingia katika biashara hii hawajakaa chini kukipigia hesabu.

Tuanze mezani. Mgeni aliyefikia Nungwi au Kiwengwa, kwa kawaida, kitanda chake na milo ya kila siku amekwishalipia kwao kupitia wakala wa safari. Mkahawa wa steki ndani ya hoteli hiyo ni mahali pa pekee. Pana taa hafifu, kitambaa cheupe mezani na orodha inayotaja uzito wa nyama kwa gramu, na mara nyingi hapo ndipo mgeni hutoa pochi upya. Anachagua kipande, anasema kiive kiasi gani, na bei ya sahani hiyo moja inaweza kununua kilo kadhaa za nyama buchani. Mfanyabiashara wetu akiiona bei hiyo moyo humdunda, akaona utajiri umelala pale.

Kwanza aielewe bei yenyewe. Kanuni inayotumiwa na wenye mikahawa ni kwamba malighafi ichukue takriban theluthi moja ya bei ya sahani. Kwa steki sehemu hiyo hupanda, kwa sababu nyama ni ghali na haina pa kufichwa. Faida nono ya mkahawa wa namna hii hutoka kwenye viazi, saladi, mvinyo na vitamutamu, ambavyo aghalabu hutozwa kando. Steki ndiyo inayomleta mteja. Vinavyoizunguka ndivyo vinavyolipa mishahara.

Kwa hali hiyo mpishi mkuu haogopi sana kulipa bei ya juu kidogo. Anachoogopa ni sahani kurudishwa jikoni. Steki ikirudi kwa sababu haitafuniki, hoteli imepoteza nyama, imepoteza muda, na huenda ikampoteza mgeni pamoja na wale atakaowasimulia. Mpishi ananunua uhakika: kwamba kipande cha Jumamosi kitakuwa sawa na cha Jumatano iliyopita, kwa ulaini, unene na ladha.

Uhakika huo hutengenezwa kwa siku, na hapa ndipo njia zetu zinapoachana. Katika miji yetu ng'ombe huchinjwa alfajiri, asubuhi ananing'inia buchani, na jioni amekwisha. Kwa mchuzi, supu au pilau utaratibu huo hauna kasoro, maana sufuria ina muda wa kuilainisha nyama. Steki hukaa motoni dakika chache tu. Muda ambao haikuupata motoni ni lazima iwe imeupata kwenye baridi. Baada ya kuchinjwa misuli hukakamaa. Nyama ikitunzwa kwenye nyuzi kati ya 0 na 4 za sentigredi kwa siku 14, 21 au 28, vimeng'enya vilivyomo ndani yake huikata misuli hiyo kidogo kidogo mpaka inalegea. Ikikomazwa wazi bila mfuko hupoteza maji, na ukiondoa ganda la juu lililokauka uzito unaweza kupungua kwa sehemu ya tano au zaidi. Upungufu huo, pamoja na umeme wa siku zote hizo na jenereta ya dharura, ni gharama ya mtu fulani. Atakayekubali kuibeba ndiye atakayeuza kwa hoteli.

Kabla ya baridi kuna umri. Afrika Kusini hupanga nyama yake kwa madaraja, na jambo la kwanza wanaloangalia ni meno. Ng'ombe ambaye hajaotesha hata jino moja la kudumu la mbele ndiye wa daraja la A. Wamarekani nao wana madaraja yao ya Prime, Choice na Select, yanayotazama umri pamoja na mafuta yaliyotapakaa ndani ya nyama kama nyuzi nyeupe. Mnunuzi akisoma daraja anajua anachokipata kabla hajafungua boksi. Katika minada yetu mingi ng'ombe bado hukadiriwa kwa macho. Fahali mzee mwenye umbo kubwa anaweza kumpita bei mtamba laini wa miaka miwili, kwa sababu tunanunua wingi wa nyama na hatuulizi itapikwaje. Mfugaji akiona soko halilipi ulaini, kwa nini auze mnyama mdogo?

Hapa wengine husema kosa ni la ng'ombe wetu wa asili. Si kweli. Boran, ambaye naye ni ng'ombe wa nundu wa Afrika Mashariki, hufugwa katika ranchi za Laikipia nchini Kenya na nyama yake inaheshimika. Kinachotofautisha ni umri wa kuchinjwa, lishe ya miezi ya mwisho na namna mnyama anavyosafirishwa. Ng'ombe anayetoka Shinyanga au Tabora kwenda mnada wa Pugu, Dar es Salaam, amesimama ndani ya lori kwa safari ndefu. Mnyama aliyechoka na kuhangaika huwa amemaliza sukari iliyohifadhiwa mwilini, na akichinjwa kabla ya kupumzika nyama yake huwa nyeusi, ngumu na haikai. Hakuna mpishi atakayeiokoa.

Kwamba Mwafrika anaweza kuuza nyama ya daraja si hadithi. Botswana ilianzisha shirika lake la nyama mwaka 1965 na imeuza Ulaya kwa miongo mingi. Namibia, mwaka 2020, ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kupeleka nyama ya ng'ombe Marekani. Mifugo yao wote wawili ni michache kuliko yetu. Walichofanya ni kuyadhibiti maeneo yao dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo, kumtambua kila mnyama alikotoka, na kupanga nyama kwa madaraja. Walianza na karatasi na uzio, idadi ya ng'ombe ikaja nyuma.

Sasa tuje kwenye hesabu, na hii ndiyo sehemu ambayo mwekezaji mdogo anapaswa kuisoma mara mbili. Tuchukue mfano. Ng'ombe mwenye uzito hai wa kilo 280 akichinjwa hutoa nyama na mifupa kilo 140 hivi. Humo fileti iliyosafishwa ni kama kilo 2.5, yaani sahani 12 za gramu 200. Nyama nyingine ya mgongoni inayofaa steki, ikitolewa mifupa, tuseme kilo 12, yaani sahani 40 za gramu 300. Jumla ni kilo 14.5, takriban sehemu moja ya kumi ya ng'ombe mzima. Hoteli inaihitaji sehemu hiyo tu.

Mkahawa unaouza sahani 36 za fileti kwa usiku unahitaji ng'ombe watatu kila siku, 21 kwa wiki. Utakuwa umebaki na zaidi ya kilo 2,600 za nyama ya paja, bega, kidari na mifupa kwa wiki hiyo, bila kuhesabu kichwa, utumbo na makongoro. Usipokuwa na mabucha, shule, kambi au kiwanda cha kuzipokea kilo hizo, faida ya fileti italiwa na hasara ya paja. Ndiyo maana anayefaa zaidi kwa biashara hii ni mwenye mabucha aliyeongeza chumba cha baridi, kuliko mwenye chumba cha baridi anayetafuta bucha.

Aidha, ukikomaza nyama kwa siku 21, wakati wote ndani ya chumba chako kuna nyama ya mgongo ya ng'ombe 63, zaidi ya kilo 900 safi, ambayo umekwishailipia na hujaiuza. Umeme ukikatika usiku mmoja na jenereta isiwake, ni mtaji wa wiki tatu unaooza.

Kisha inakuja ankara. Ni desturi ya hoteli nyingi kulipa baada ya siku 30, 60, hata 90. Sasa jumlisha: siku 90 za kunenepesha, siku 21 za baridi, siku 60 za kusubiri malipo. Jumla ni siku 171, karibu miezi sita, tangu shilingi ilipotoka mfukoni hadi inaporudi. Mgeni aliyekula sahani ile alilipa usiku ule ule, na pengine safari yake yote aliilipia miezi kabla. Fedha ya mgeni imo mikononi mwa wakala na hoteli, na msambazaji mdogo ndiye anayewakopesha wote wawili bila riba. Afrika Kusini hushinda kwa sababu nyuma ya boksi lile yupo mwenye kiwanda anayeweza kungoja. Sisi tunashindana naye kwa mtaji wa kukopa, wenye riba inayohesabiwa kila mwezi.

Msimu nao una hila zake. Pwani hufurika wageni kuanzia Julai hadi Oktoba, kisha Desemba hadi Februari. Masika ya Aprili na Mei baadhi ya hoteli hufunga milango. Nyama uliyoiweka kwenye baridi katikati ya Machi inatoka hoteli ikiwa inapunguza wapishi. Kuna na misukosuko isiyo na kalenda. Mapema mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi wa Kenya, hoteli za Mombasa, Diani na Malindi zilikauka wageni. Mwaka 2020 korona iliwakausha wote. Katika nyakati kama hizo mwenye ankara isiyolipwa ndiye wa mwisho kukumbukwa.

Je, ina maana tuachane na meza hiyo? Hapana. Ukurasa huu unashauri tuingie kwa mpangilio.

Mosi, Bodi ya Nyama Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria ya Tasnia ya Nyama ya mwaka 2006, isukume madaraja yafike hadi mnadani: mizani, meno na bei iliyoandikwa ubaoni. Mfugaji akiona mnyama mdogo aliyenona analipa zaidi kwa kilo, hatahitaji semina.

Pili, wenye mabucha waungane, kwa ushirika au kampuni, wamiliki chumba kimoja cha baridi na jenereta moja. Mtu mmoja mmoja hawezi kubeba ng'ombe 63 waliolala.

Tatu, mkataba na hoteli uandikwe na utaje siku ya malipo. Bei ya chini inayolipwa ndani ya siku 14 inaweza kuwa bora kuliko bei ya juu ya siku 90. Mpishi akisema hana mamlaka juu ya malipo, mkataba utiwe saini na mwenye mamlaka. Wenye hoteli wanaopenda kutangaza kwamba wanawajali wenyeji wapimwe kwa kipimo hicho, kwa sababu picha ya mfugaji ukutani hailipi riba ya benki.

Nne, anayeombwa kununua hisa au kuchangia mtaji katika mradi wa kunenepesha ng'ombe kwa ajili ya hoteli aulize maswali manne kabla ya kutoa fedha. Sehemu tisa za kumi zilizobaki za ng'ombe zitauzwa wapi? Chumba cha baridi ni cha nani? Hoteli inalipa baada ya siku ngapi? Masika tutamuuzia nani? Mradi usiojibu yote manne, hata kama andiko lake lina picha za ng'ombe wanene na jedwali la faida, uachwe upite.

Soko la steki lipo na linalipa. Limekaa likimngoja mtu mwenye uwezo wa kusubiri siku 171 bila kufilisika. Ng'ombe milioni 30 hawatatusaidia kwa hilo mpaka tujifunze kuugharamia muda huo pamoja, na mwenye hoteli naye akubali kuubeba kwa sehemu yake.