Mazungumzo ya Nyumbani: Picha Penye Sanamu ya Askari



Mwalimu mmoja ameniandikia kuniuliza neno ambalo naona lafaa kuzungumzwa na watu wote wa nyumbani. Aliwapeleka wanafunzi wake Dar es Salaam kuutazama mji. Walipofika penye Sanamu ya Askari, watoto wakaanza kupigana picha. Huyu amejifanya ana bunduki, yule amepanda juu ya jiwe la chini, wote wanacheka. Mzee mmoja aliyekuwa akipita akawakemea kwa maneno makali, hata wengine wakalia. Mwalimu hakujua haki iko upande gani. Basi auliza: Je, ni vibaya kupiga picha mahali pa ukumbusho wa vita?

Nami sina uso wa kuwahukumu watoto wale, maana nimekosa kuliko wao. Sikilizeni.

Mwaka juzi nalikwenda Dar es Salaam kwa shughuli zangu. Kabla sijaondoka, bibi mmoja mzee wa mtaa wetu akaniita barazani pake. Babu yake, yaani baba wa baba yake, alichukuliwa kuwa mpagazi katika Vita Vikuu vya mwaka 1914 hata 1918, naye hakurudi; wala hakuna mtu aliyeleta habari ya siku aliyokufa, wala ya mahali alipozikwa. Bibi alikuwa amesikia ya kwamba mjini iko sanamu ya watu wa vita ile, na chini yake yako maandishi. Akaniambia, "Mwanangu, mimi miguu yangu haifiki huko tena. Nipigie picha, nione kama jina la babu limo." Nikaitikia.

Nilipofika, jua lilikuwa kali na magari yakizunguka pande zote, kwa kuwa sanamu ile imesimama katikati ya njia, katika Barabara ya Samora. Nikavuka upesi upesi, nikasimama mbele yake, nikamwomba kijana mmoja anipige kwa simu yangu. Nikatabasamu kama watu wafanyavyo, kisha nikaenda zangu. Niliporudi kwetu nikamtolea bibi ile picha. Akaitazama sana, akaisogeza karibu, akaiweka mbali. Akasema, "Wewe nakuona. Bunduki naiona. Maneno yako wapi?" Nikaangalia, kumbe! Nalisimama mbele ya maneno yenyewe, nimeyafunika kwa mwili wangu. Sikuwa na jibu la kumpa.

Tangu siku ile nimezitafuta habari za sanamu hiyo. Iliwekwa mwaka 1927. Ni ya shaba, kazi ya mchongaji wa Uingereza, James Alexander Stevenson: askari anasonga mbele, na singe ya bunduki yake imeelekea bandarini. Maandishi yake ni kwa Kiswahili na Kiingereza, na mengine ni kwa herufi za Kiarabu. Yawataja askari Waafrika waliopigana, na pamoja nao wapagazi, ambao yasema walikuwa kama miguu na mikono ya jeshi. Mwisho yatoa ahadi, ya kwamba mtu akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Na majina hayamo. Hata moja.

Fikirini hesabu ya watu hao. Wapagazi waliotwaliwa na Waingereza peke yao walikaribia kuwa milioni moja, na katika hao waliokufa walipita 90,000, walio wengi kwa kuhara, kwa homa na kwa taabu ya njia, si kwa risasi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, nasi jina hilo twalitamka Kariakoo kila twendapo sokoni, pengine bila kukumbuka limetoka wapi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri ya kwamba watu wasiopungua 116,000, na labda hata 350,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa, ikaomba radhi. Radhi hiyo ilichelewa kwa miaka mia, lakini si neno tupu. Januari 2025 huko Cape Town pamefunguliwa ukumbusho wa watu 1,772 wa Afrika Kusini, karibu wote Waafrika, waliolitumikia jeshi katika vita ile bila jina lao kuwekwa popote. Kila mmoja amepewa nguzo yake ya mti, na jina lake juu yake.

Sasa nimjibu mwalimu. Kupiga picha si vibaya. Kwa mtu asiyeweza kusafiri, picha ndiyo miguu yake. Lakini aanze na maandishi, yote, pande zote, yasomeke; ndipo awasimamishe watoto kando yake, wala wasiyazibe kama nilivyoyaziba mimi. Kupanda juu ya jiwe siwezi kukuruhusu. Kucheka, hapo mimi na mzee yule hatupatani. Wengi wa hao waliokufa walikuwa vijana, nao walicheka njiani kama vijana wote. Sidhani kicheko cha mtoto chawaudhi. Mguu juu ya maandishi, huo ndio unaoudhi.

Penye makaburi ni neno jingine. Yako makaburi ya vita ile Taveta, Voi na Moshi, na huko msicheke wala msikanyage juu ya kaburi ili kupata picha nzuri. Mkikuta watu wamekuja kumlilia mtu wao, simu na ikae mfukoni. (Na penye kambi za jeshi msipige picha kabisa, mtajitafutia maneno na askari walio hai.)

Walimu wa Nairobi nao wasisahau sanamu iliyo katika Barabara ya Kenyatta. Hapo wamesimama watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Ningalijua mapema, ningalimletea bibi picha yake huyo, apate kuona babu yake alifananaje.

Mwezi wa Agosti nalikwenda tena Dar es Salaam. Safari hii nalifika asubuhi mapema, magari hayajawa mengi, nikapiga maandishi tu, upande kwa upande. Nikazisafisha picha zile kwenye karatasi, nikampelekea. Mjukuu wake akamsomea polepole, naye akisikiliza ameinama. Yalipokwisha akauliza, "Na jina?" Nikamwambia kweli, ya kwamba halimo, wala la mtu mwingine yeyote halimo.

Akanyamaza kitambo. Kisha akamwomba mjukuu alete kalamu, aigeuze picha, aandike nyuma jina la babu, na la baba yake, na la kijiji alikotwaliwa. Mtoto akaandika. Bibi akaishika karatasi mbele ya macho yake, akamrudishia, akamwambia aandike tena, kwa herufi kubwa.