Mwacheni Aingie na Mtu Wake

Ukitaja dula pale Majengo, swali la kwanza litakuwa: Dula gani? Wa boda ama wa makaa? Huku Dula ni Abdalla. Lakini vuka mji uende Kilimani ama Lavington, na neno hilohilo lina maana nyingine kabisa. Ni mwanamke anayelipwa kukaa na mwenye mimba wakati wa uchungu, amsugue mgongo, ampe maji, amkumbushe kupumua, amweleze kinachoendelea. Hazalishi mtu wala hadungi sindano. Kazi yake ni kutoondoka. Ukijumlisha bei yake na yale madarasa ya uzazi ya wikendi, familia ya Majengo inaweza kulipa kodi ya nyumba miezi kadhaa.

Sina ugomvi na anayelipa. Ana pesa zake, na anafanya jambo la akili. Ugomvi wangu ni kwamba kitu hiki kimegeuzwa starehe ya wenye nacho, ilhali mwanamke wa hospitali ya umma, ambaye pengine anakihitaji zaidi, anaambiwa mtu wake abaki kwa geti.

Na msidhani Majengo haikuijua kazi hii. Mitaa ya Pumwani ilianza miaka ya 1920, na desturi zake nyingi zilitoka Pwani. Msichana wa Kiswahili alikuwa na somo, au kungwi, mwanamke mzima wa kumfunza mambo ya mwili wake. Siku ya kuzaa aliitwa mkunga, na kando ya mkunga walikuwepo mama, shangazi na jirani, wa kushika mkono na kuchemsha maji. Tusidanganyane, lakini: wanawake walikufa kwenye vyumba hivyo. Damu ikianza kumwagika, maji moto hayaizuii. Kuvuja damu kupita kiasi baada ya kujifungua ndiyo sababu inayoongoza ya vifo vya wazazi nchini Kenya hadi leo, na dawa yake iko hospitalini. Kwa hivyo serikali ilipowaambia wanawake waende hospitali, ilisema kweli. Tarehe 1 Juni 2013 ikafuta na ada za kujifungua katika hospitali za umma.

Kosa liko hapa: tulipohamisha uzazi kutoka chumbani hadi wodini, tulipeleka kazi ya mkunga tu. Wale wanawake wengine tuliwaacha nje, kana kwamba walikuwa mapambo.

Hospitali ya Uzazi ya Pumwani ilifunguliwa mwaka 1926 ikiitwa kwa jina la Lady Grigg, mke wa gavana wa kikoloni. Karibu kila ukoo wa Nairobi una mtu aliyezaliwa pale. Madaktari na masista wake wameokoa roho ambazo hakuna aliyezihesabu. Lakini pia mnamo Septemba 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba wanawake wawili waliozuiliwa pale kwa kukosa kulipa bili walivunjiwa haki zao za kikatiba. Wala si Pumwani peke yake. Utafiti wa mradi wa Heshima, uliochapishwa mwaka huohuo, uliwauliza wanawake zaidi ya 600 waliokuwa wakitoka hospitali 13 nchini. Mmoja kati ya watano alisema alidhalilishwa au kutendewa vibaya kwa njia fulani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma ikaamuru mama aliyejifungua sakafuni, akatukanwa na kupigwa makofi, alipwe shilingi milioni 2.5.

Sasa jiulize: yule mama wa Bungoma angekuwa na dada yake kando, angepigwa makofi?

Hata tukiacha makofi, faida ya kuwa na mtu inapimika. Mwaka 2017 watafiti wa shirika la Cochrane walijumlisha majaribio 26 kutoka nchi 17, yenye wanawake zaidi ya 15,000. Waliokuwa na mtu wa kuwasaidia mfululizo walijifungua kwa njia ya kawaida zaidi, walipasuliwa mara chache zaidi, na uchungu wao ulikuwa mfupi kidogo. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza kila mwanamke awe na mwenzi anayemchagua mwenyewe wakati wote wa uchungu na kuzaa. Mashine hazihitajiki hapo. Anahitajika mtu na kiti.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza ni nafasi: wodi ni ukumbi mmoja, vitanda vimebanana, ukimwingiza mume wa huyu unamvunjia yule faragha. Ni kweli. Lakini hilo ni tatizo la pazia, na pazia ni kitambaa na bomba la chuma. Kaunti ikishindwa na hilo iseme waziwazi, isijifiche nyuma ya heshima ya akina mama.

La pili: watu watasumbua, wataingia na simu warekodi. Basi weka sheria, simu ibaki nje. Ila tukumbuke sista mmoja akiwa na wanawake wengi kwenye leba, hawezi kumshika kila mmoja mkono. Wa kumpa mama maji, kumsindikiza chooni na kupiga kelele shuka linapoloa damu anampunguzia sista mzigo. Na kama kinachoogopwa hasa ni shahidi, hapo tuna mjadala mwingine kabisa.

La tatu ndilo zito, kwa sababu linatoka kwa wanawake wenyewe. Utafiti uliofanywa Migori na kuchapishwa mwaka 2018 ulikuta wengi hawakutaka mtu wao awepo dakika ya kuzaa. Waliona aibu, tena waliogopa mambo yao yatasambazwa mtaani. Wana haki. Ndiyo maana neno muhimu ni kuchagua. Asilazimishwe kuwa na mumewe, wala mama mkwe asijipe kazi. Anayetaka kuwa peke yake aachwe peke yake. Lakini anayetaka mtu asinyimwe kwa sababu tu hakulipia chumba cha binafsi.

Kisha kuna masomo. Mjamzito wa Eastlands huamka alfajiri, hupanga foleni kliniki, hupimwa presha na uzito, huandikiwa kwa kitabu, huambiwa alete pamba na beseni. Saa nyingi za benchi, dakika chache za maelezo. Hayo masaa ya benchi ndiyo darasa lililopotea. Mle ndani ya foleni angeweza kufunzwa, kwa Kiswahili anachoongea nyumbani, jinsi uchungu unavyoanza, dalili zipi si za kungoja, na maswali gani anaruhusiwa kuuliza kabla ya kukatwa au kudungwa. Na yule atakayeingia naye afunzwe pia, awe mume, dada ama rafiki wa plot.

Nani atafanya kazi hiyo? Mwaka 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 nchi nzima. Wengi ni wanawake wa mitaani humuhumu, wanaojua nani ana mimba kabla hata kliniki ijue. Wapeni mafunzo ya kukaa na mwenye uchungu, kwa ajili ya wale wasio na mtu: msichana aliyefukuzwa nyumbani, mkimbizi, mama aliyefika Gikomba juzi kutafuta kazi. Lakini muwalipe. Kuna tabia ya nchi hii kuita kazi ya wanawake moyo wa kujitolea. Kilimani dula hutuma bili, na hakuna anayemwambia atalipwa mbinguni.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndiyo maana jambo hili halijawahi kuwa dharura ya mtu yeyote mwenye ofisi. Tulifanye dharura sisi. Kama una mimba, ama mtu wako ana mimba, ulizeni kliniki mwezi wa saba na siyo usiku wa uchungu: mtu wangu ataingia? Wakisema hapana, ulizeni ni sheria gani, imeandikwa wapi. Na kaunti itakapoita wananchi watoe maoni kuhusu bajeti, watu wa Kamukunji waende na ombi moja lisilo na siasa: pazia na kiti kwa kila kitanda cha leba.