Samaki Akija Mwenyewe Ufukweni, Usishangilie



Leo naomba tuiweke pembeni siasa ya vyeo, tuzungumze siasa ya samaki. Msicheke. Hapa Ibra nina mpwa wangu aliemaliza skuli kwa maksi nzuri, akasema anataka kusomea maradhi ya samaki. Baraza zima lilimcheka. Mjomba wake mwengine, aliekuja kututembelea kutoka Nizwa, akamwambia: "Mwanangu, dawa ya samaki ni ndimu na pilipili." Na mimi nilicheka pamoja nao. Usiku nikafikiri, nikaona waliostahiki kuchekwa ni sisi.

Tunasahau upesi. Mwaka 2008 Bahari ya Oman iligeuka rangi. Vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho vilizaana kupita kiasi, jambo ambalo Waarabu huliita al-madd al-ahmar, maji mekundu. Yalienea mpaka ndani ya Ghuba, yakadumu zaidi ya miezi minane, hadi 2009. Maelfu ya tani za samaki walikufa. Mitambo kadhaa ya eneo hili inayogeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa ilibidi isimamishwe. Kwa hiyo maradhi ya samaki yalifika mpaka kwenye bomba la mtu asiewahi kushika mshipi maishani mwake.

Samaki huvuta pumzi kwa mashavu, na ngozi ya mashavu hayo ni nyembamba mno ili damu ipate kukutana na maji. Vijimea vile hutoa ute unaoziba mashavu, na vikifa vikaoza, humaliza oksijeni iliyomo majini. Samaki hufa kwa kukosa pumzi naye yumo baharini.

Lakini kabla ya kufa husema. Huacha kina, hupanda juu, hutweta usoni mwa maji, hukimbilia kwenye maji madogo karibu na ufukwe. Asiejua husema: neema hiyo, leteni vikapu! Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos na wenzao wa Chuo cha East Anglia, Uingereza, walitangaza kuwa vyombo vyao vinavyojiendesha chini ya maji vimekuta katika Bahari ya Oman eneo kubwa kuliko Scotland ambalo karibu halina oksijeni. Samaki wanaokimbia mahala kama hapo hujazana palipobaki hewa. Mvuvi wa Sur akijaziwa wavu kwa wiki moja, anaweza kudhani bahari imetajirika, kumbe imefinyika.

Na yule mjomba wa Nizwa asidhani yeye wa majabali hayamhusu. Kwao Dakhiliyah, ndani ya pango la Al Hoota, wapo samaki wadogo wanaoanza maisha na vijicho, kisha wakikua macho yanafunikwa na ngozi. Wataalamu wametoka Vienna kuja kuwachunguza. Sisi tunapita njia hiyo kila siku kwenda sokoni.

Sasa tugeuke nyumbani. Novemba 2021 watu 7 walikufa Pemba kwa kula nyama ya kasa. Machi 2024 msiba ukarudi, kisiwani Panza: watu 9 walikufa, na 8 kati yao walikuwa watoto. Najua kasa si samaki. Lakini wataalamu wanasadiki kuwa sumu ile humtoka kwenye mwani wenye sumu anaoula, na dawa ya kuiondosha haijulikani. Bahari ni moja. Kinachomwingia kiumbe wa baharini ndicho kinachotuingia sisi, na asiechunguza afya ya kiumbe huyo huja kuijua kwa kuhesabu majeneza.

Msije mkaniambia hatuna wasomi. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo Unguja tangu 1978. Swali langu ni je, elimu iliyomo makabatini inafika dikoni? Tunaimbiwa Uchumi wa Buluu: boti, bandari, mahoteli. Sawa. Lakini mfugaji gani anaenunua kamba na ndoo za kukamia, asiulize ng'ombe anaumwa nini?

Wapo watakaosema mtu mwenye njaa hana haja ya kujua hali ya samaki. Mimi nasema mwenye njaa ndie mwenye haja zaidi, kwa sababu yeye ndie atakaemla alieokotwa ufukweni.

Napendekeza mambo mawili. Serikali iweke kila diko mtu anaejulikana, ambae mvuvi akiona samaki wanakufa au wanakwenda mrama, atampelekea khabari na atajibiwa siku ile ile, tena kwa Kiswahili. Na sisi wa ughaibuni, tunaoshindana kujenga ghorofa ambazo hazina wa kulala, tusomeshe japo vijana wachache fani hii, mmoja wa Pemba, mmoja wa Unguja, kila mwaka.

Mpwa wangu nimeshamwambia, mwaka wa kwanza ni juu yangu. Wale tuliocheka pamoja barazani, wa pili nawangojea nyinyi.

Wabillahi tawfiq.